Flashi ya Baba Pacha

Kila asubuhi Mama Pacha aliwasha cherehani, kisha kompyuta. Humo aliweka picha za mishono na vipimo vya wateja. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa seremala. Mbao alizijua kwa harufu. Kompyuta aliijua kwa kuipangusa vumbi tu.

Kompyuta hiyo ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Ilikuwa nzito kama gogo bichi, na matangazo yalijifungua yenyewe. Jirani yao, fundi wa kompyuta, alikuja akaisafisha. Baada ya siku chache, yale yale. Akaitwa tena.

"Hodi! Shemeji, hamjambo?"

"Karibu, fundi wangu!" Mama Pacha akaitikia.

Baba Pacha chai ikampalia. Fundi wangu? Yeye aliyemtengenezea kitanda, kabati na meza, mbona haitwi hivyo?

Fundi akaketi karibu na Mama Pacha. Karibu mno, kwa vipimo vya seremala. Wakacheka kitu kwenye skrini. Baba Pacha akaitazama ile mikono laini isiyojua msumari. Roho ikamuuma.

Mfukoni alikuwa na flashi. Mwenzake wa karakana alimpa, ikiwa na programu ya bure, akamwonyesha jinsi ya kuiweka kwenye kompyuta. "Iweke, utasoma jumbe zote za mkeo," alimwambia. Basi kila mara fundi alipoondoka, Baba Pacha aliiweka upya. Hakuona hata ujumbe mmoja. Akaamini kwamba fundi anaifuta kusudi, ili kuficha mambo.

Simu ikalia. Alikuwa mteja mkubwa, mama wa bibi harusi.

"Mama Pacha, picha gani hizi chafu unanitumia? Nguo za harusi nampelekea mwingine!"

"Dada, sijatuma kitu mimi!" Simu ikakatwa. Mama Pacha akaanza kulia.

Fundi akakuna kichwa. "Humu kuna trojani. Ni programu inayojidai msaidizi, kumbe mwizi, na hutuma picha kwa jina lako. Haivunji mlango. Inangoja mwenye nyumba aifungulie. Mimi naitoa, mtu anairudisha."

Mama Pacha akafuta machozi. "Wanaoigusa kompyuta hii ni mimi na wewe. Kumbe ni wewe!"

"Mimi, shemeji?"

"Toka nyumbani kwangu!"

Haya, Baba Pacha, si ndiyo uliyokuwa ukiyaomba? Fundi alikuwa tayari anafunga begi. Kunyamaza tu kungetosha. Lakini machozi ya mkewe yalidondokea kitambaa cheupe cha harusi. Akatoa flashi, akaiweka mezani.

"Ni mimi. Nilitaka kusoma jumbe zako. Wivu."

Fundi akaweka begi chini, akasema, "Kaka, ulitaka kumchungulia mkeo. Sasa watu msiowajua wanawachungulia nyote wawili."

"Wamenipata," Baba Pacha akasema. "Tufanyeje?"

Fundi akachomoa intaneti. Akaichunguza kompyuta nzima kwa programu ya kuzuia virusi, na flashi pia. Mama Pacha akabadilisha maneno ya siri kwa simu yake, ambayo ilikuwa safi.

"Masasisho ya programu yakija, yakubalini," fundi akawaambia. "Programu msiyojua ilikotoka, msiiweke, hata ikiwa ya bure. Na flashi ya mtu ichunguzwe kabla ya kufunguliwa."

"Nisamehe, fundi," Mama Pacha akasema. Akamgeukia mumewe. "Na wewe, bwana, utakwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi."

Akaenda. Alirudi ameloa jasho, lakini kazi ya harusi ilirudi pia.

Tangu hapo kompyuta haikuugua. Fundi hakuitwa tena, ila siku moja alikuja mwenyewe kuagiza kitanda kwa Baba Pacha.

Jioni moja Baba Pacha alikuwa peke yake mbele ya skrini. Kwenye tovuti moja tangazo likachomoza: *Bonyeza hapa ujue siri za mwenzako.* Kidole kikamwasha. Akakirudisha.

"Mama Pacha!" akaita. "Una siri yoyote?"

"Ninayo," sauti ikajibu kutoka jikoni. "Unakoroma."

Baba Pacha akacheka, akalifunga lile tangazo.