Mashudu ya Babu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mueni alipitia banda la nguruwe nyuma ya nyumba yao, katika mtaa wa Shika Adabu. Zamani alikuwa akienda na babu yake, Mzee Mutua. Babu alibeba karai la mashudu, yale makapi ya nazi iliyokwisha kukamuliwa mafuta, huku akiimba, na nguruwe wakimwitikia kwa kukoroma. Tangu afariki, harufu ya mashudu ilimjaza Mueni hamu ya siku zile.

Lakini sasa nguruwe walikuwa wamekonda.

"Nadhani mashudu hayawafai," baba alisema. "Wasiponenepa, nitawauza wote."

Maneno hayo yalimchoma Mueni. Aliona ni kama kusema kwamba babu alikosea.

Baba akamwita Daktari Nyamvula, mtaalamu wa lishe ya mifugo. Daktari alitenga nguruwe wawili, mmoja wa kula mashudu, mwingine soya.

"Si protini yote inayoliwa hubaki mwilini," alimweleza Mueni. "Nyingine hutoka na kinyesi. Tutapima chakula na kinyesi, kisha maabara itatuambia kila nguruwe amebakiza protini kiasi gani. Wewe utazoa kinyesi chote, usibakishe hata kidogo. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

Mueni alizoa kwa bidii. Ila kila alipopima, mfuko wa nguruwe wa mashudu ulikuwa mzito zaidi. Asubuhi moja aliangaza huku na huku, akachota nusu ya kinyesi na kukitupa migombani.

Darasani siku hiyo hakusikia lolote. Jioni Daktari alikuja kuchukua mifuko.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Tutakachokipata ndicho baba yako atakachokifuata."

Mueni aliinamisha macho, akaushika mfuko wa nguruwe wa mashudu. "Daktari, mfuko huu haujakamilika. Nimepunguza kinyesi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mashudu ya babu yashinde." Machozi yalimtoka.

Baba, aliyekuwa amesimama kando, alikunja uso, akataka kusema, lakini Daktari alimtuliza kwa mkono. "Tutaanza upya. Utaweza, Mueni?"

Aliweza. Alizoa chote, mvua na jua.

Majibu ya maabara yalipofika, Daktari aliketi nao barazani. Protini nyingi ya mashudu ilikuwa ikitoka na kinyesi.

"Mashudu haya ya sasa yameunguzwa kwenye kinu cha kukamulia mafuta," alieleza. "Moto ukizidi huharibu asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Nazi za enzi za Mzee zilikaushwa juani. Chakula chake kilikuwa kizuri. Hiki si kile."

Baba alipunguza mashudu, akaongeza soya. Polepole nguruwe wakajaa mwili, na habari za kuuza zikaisha.

"Mueni," Daktari alisema siku ya kuaga, "ungenyamaza, tungeendelea kuwalisha kisichowajenga, tukidhani tunamuenzi babu yako. Ukimpenda mtu, usimtetee kwa uongo. Pima, kisha useme ulichokiona, hata kama kinakuuma."

"Nimesikia, Daktari," Mueni alijibu, na safari hii alimtazama machoni.