Mrija Mmoja, Vinywa Vingi

Mwaka 1969 dunia nzima ilikuwa ikikohoa. Homa ya mafua ilivuka bahari, ikavuka mipaka, wala haikumwonyesha askari pasi ya kusafiria.

Okiror alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kampala. Likizo ya Pasaka alipanda gari moshi kurudi kwao, karibu na Tororo. Njiani alijifanya mwalimu wa behewa zima.

"Mzee, funika mdomo ukikohoa," alimwambia abiria mmoja. "Homa hii inaenea kwa mate na kwa pumzi."

Abiria wakamsifu. Kijana amesoma! Yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi kidogo, lakini alikiita vumbi.

Alishuka asubuhi. Ukungu ulikuwa umefunika sehemu ya chini ya mwamba wa Tororo, na mwamba wenyewe ulionekana kama unaelea. Okiror alitembea polepole, kama mtu aliye usingizini. Kurudi nyumbani ni kutamu.

Bibi yake, Tata Selpher, alikuwa amemtengenezea ajono, pombe ya ulezi. Ndiye aliyemlea Okiror tangu mama yake alipofariki. Kifua cha Tata kilikuwa dhaifu miaka mingi.

Majirani walikaa kuzunguka chungu. Walimimina maji ya moto, wakavuta pombe kwa mirija mirefu. Kwao, mzee akikupa mrija wake, amekupa moyo wake. Ukikataa, ni kama umesema ametia sumu.

Tata alivuta, kisha akampa Okiror mrija. "Shika, mtoto yangu."

Okiror alisita.

"Wewe nakataa mkono ya tata yako?"

Watu wakageuka kumtazama. Okiror aliona haya. Akajiambia moyoni, "Maji ya moto yameua vijidudu vyote." Akavuta, akamrudishia. Elimu yake yote ilibaki garini.

Siku chache baadaye Tata alishikwa na homa kali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kifo kilimbishia hodi mtu mwingine. Tata alilala macho nusu wazi, akizungumza na mume wake aliyekufa zamani.

"Sogea kidogo," alimwambia, akitabasamu. "Nakuja kukaa hapo na wewe."

Okiror alilia kama mtoto. Hakutaka Tata aende kukaa huko.

Alituma mtu kumwita Felistus, rafiki yake wa chuo, aliyekuwa akisomea udaktari. Naye alikuwa likizoni kwao Busia, upande wa Kenya, si mbali. Felistus alifika mchana, akasikiliza kifua cha Tata.

"Anapumua kwa shida," alisema. "Twende hospitali sasa hivi."

Jirani yao, Mzee Okanya, aliwapeleka kwa gari lake. Tata alipolazwa, wanafunzi wale wawili walikaa nje kwenye benchi.

"Okiror, ulijua unaumwa?" Felistus aliuliza.

"Nilijua. Lakini niliona haya kuukataa mrija wake. Tena maji yalikuwa ya moto."

"Maji ya moto yako chunguni. Ncha ya mrija iko mdomoni. Mate yako yalimfikia. Hata bila mrija, ukikohoa karibu na mtu unaweza kumwambukiza. Mwenye mafua akae kando, afunike mdomo, anawe mikono, atumie kikombe chake. Madirisha yafunguliwe." Kisha akaongeza: "Hata sisi bwenini tunapokezana kikombe kimoja cha chai. Tunajua kila kitu, hatufanyi lolote."

Tata alipona polepole. Siku aliyoweza kuketi, Okiror alimwambia ukweli.

"Tata, mimi ndiye niliyekuletea ugonjwa."

Tata akamgeukia. "Kwa nini wewe hapana sema? Heshima gani hii ya kuzika watu?"

Ulezi ulipovunwa, Tata mwenyewe alitoa amri. Kila mgeni aje na mrija wake. Mwenye kikohozi atawekewa pombe yake kwenye kibuyu, akae mbali.

"Basi wewe naogopa sisi!" Mzee Okanya alilalamika.

"Mimi naogopa kaburi," Tata alijibu. "Wewe nakaribishwa huko."

Watu wakacheka, wakazoea. Mafua yaliporudi kijijini, Mzee Okanya mwenyewe alisimama mbali, leso mdomoni.

"Selpher! Leo mimi ya kibuyu!"

Alikaa peke yake karibu na ghala, akanywa, akaimba kwa sauti iliyokwaruza. Wenzake waliozunguka chungu walimwitikia. Hakuna aliyeona ametukanwa. Na msimu ule, nyumbani kwa Tata Selpher, hakuna aliyezikwa.