Mlango Uliotoweka Gazi

Mlango ulikuwa umetoweka. Palibaki uwazi mtupu, na upepo wa bahari ulipita nyumba nzima bila kubisha hodi.

Inspekta Masila alisimama kizingitini, akasahau kwa muda kwamba amekuja kikazi. Mtu wa Machakos huyu, miaka sita Kwale, na nyumba hii kongwe ilikuwa bado inamlegeza kila anapoiona. Mwanga wa asubuhi ulitembea sakafuni taratibu, kama mwenyeji.

"Mnunuzi wangu wa Diani anaufuata mlango huo Ijumaa," alisema Chande, mrithi wa nyumba. "Nitafutie mwizi."

"Si nyumba hii inawekwa chini ya ulinzi wa sheria?"

"Zimebaki siku tisa. Kabla ya hapo ni mali yangu, nauza nitakavyo."

Kweli hiyo. Mwaka ule wa 1998, sheria nayo ilitembea kwa miguu.

Masila alichuchumaa. Hapakuwa na alama ya shoka wala mtaimbo. Milango ya zamani haina bawaba. Huzunguka kwa vigingi vilivyokaa ndani ya vitundu vya kizingiti. Alitia kidole kitunduni, kikatoka na mafuta ya nazi, mapya kabisa.

Mwizi gani, jamani, aibaye mlango kisha akapaka mafuta tundu lake?

Mzee Abdurahman, mtunzaji wa nyumba, alikuwa uani akimenya mhogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Vitundu vile huvipaka mafuta lini?"

"Kila Alhamisi. Mwaka wa arobaini huu."

"Leo Jumanne, na mafuta ni ya jana."

Mzee aliweka kisu chini.

"Mazoea yana taabu. Niliviona vikavu, roho ikaniuma."

"Mlango uko wapi?"

"Kwenye mikoko, topeni, tunapolaza mbao za vyombo vya baharini. Mchwa hafiki."

"Kwa nini, mzee?"

"Ukifika Diani utakuwa meza ya baa. Nalitaka siku tisa tu."

Masila alimwonea huruma sana. Akafungua daftari.

"Nikiuchukua leo ni kielelezo cha kesi. Hata mwenyewe haugusi mpaka hakimu aamue, na hakimu yuko likizo hadi mwisho wa mwezi, wiki tatu nzima." Akasita. "Lakini hakuna kielelezo bila mshtakiwa."

Mzee alisimama.

"Andika basi, mwanangu. Nimeuiba mimi, kwa akili zangu timamu. Niache niwabandikie wajukuu huu mhogo, twende zetu."