Umeitoa kwa Nani?

"Umeitoa kwa nani?"

Masinde aliuliza kabla hata ya kukaribishwa kiti, simu mkononi, mbele ya Mama Ngendo aliyekuwa akimenya viazi. Alikuwa ametoka Kiganjo, anakofunza makurutu wa polisi, hadi Wamagana, nyumbani kwa kina mchumba wake, Kabura, kwa hasira ya ujumbe wake mmoja: "Nimepimwa. Niko nayo." Aliwaza Ukimwi. Njiani alikuwa amekwisha kumshuku kila mwalimu wa kiume anayefundisha na Kabura shuleni.

Kabura alimtazama mama yake.

"Kwangu," Mama Ngendo alisema, kisu kikisimama kwenye kiazi. "Na mimi niliitoa kwa mama yangu."

"Sielewi, mama."

"Ile ya matiti. Si unajua langu moja lilikatwa? Ati sasa imeonekana iko kwa damu yetu."

Akavuta leso kifuani, ingawa sweta ilikuwa imefungwa vifungo vyote.

Kabura alieleza kwa sauti ya chini kwamba hakuwa mgonjwa. Alirithi hitilafu ya jeni inayoweza kumletea saratani siku moja. Angehitaji kuchunguzwa mara kwa mara, au kukatwa matiti mapema.

"Nilishindwa kuandika jina la hiyo saratani," alisema. "Nikajua utaniuliza niko aje. Wewe ukauliza nani."

Masinde, aliyezoea kuamrisha gwaride, akavua kofia. Alishindwa kumtazama Mama Ngendo.

"Mama, nisamehe."

"Wacha, mwanangu. Aliyempa ni mimi."

Kabura akatwaa kisu mkononi mwa mama yake. "Ulinipa na haya macho, mama. Mbona hayo huyaombei msamaha?"

Kwa mara ya kwanza tangu majibu yatoke, Mama Ngendo alicheka, kisha akajifuta uso kwa leso.

Masinde aliomba kuandamana na Kabura kliniki mjini Nyeri. Alikataliwa, akaomba tena.

"Kuja basi. Lakini utakaa nje mpaka nikuite."

Siku ya kliniki alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, kofia magotini, kati ya wanawake waliosubiri zamu zao. Hatimaye mlango ulifunguliwa na Kabura akamwashiria. Daktari akauliza huyu ni nani.

Kabura alimtazama Masinde.

"Ni yule aliyeniuliza nimeitoa kwa nani."

Masinde akainamisha kichwa.

"Mweleze polepole, daktari," Kabura akaongeza, akimsogezea kiti karibu na chake. "Ndiye atanioa."