Masikio ya Ndeti

Hebu nisikilizeni, majirani zangu. Asubuhi hiyo kule Nunguni, Kasiva alikuwa ameketi juani akimnyonyesha bintiye mchanga, Ndeti. Mumewe, Musembi, alipalilia kabichi huku akipiga mluzi. Jirani akaja kumwona mtoto, akafunua shali, akaona vinyama viwili vidogo mahali pa masikio, kisha akaaga upesi. Mluzi ukakatika.

Wakampeleka mtoto hospitalini. Daktari akawaeleza polepole.

"Umbo la sikio tunalipima kwa daraja. La kwanza, sikio ni dogo tu. La pili, sehemu zingine hazipo. La tatu ni kinyama kama hiki, na tundu limeziba. La nne, hakuna kitu kabisa. Ndeti ni la tatu, pande zote mbili. Lakini ndani anaweza kusikia. Mrudisheni mapema avalishwe kifaa cha kusikia, ndipo ajifunze kuongea."

Musembi alishika neno moja tu.

"Si daktari amesema si ya nne?" alimwambia mkewe. "Hiyo ya tatu itakua pamoja na mwili. Na huyu mtoto asionekane, watu watatucheka."

Kasiva hakuamini, ila alinyamaza. Ni wangapi kati yetu wangesema neno? Wageni walipokuja, Ndeti alifungiwa chumbani. Miaka minane ikapita. Alipohisi njaa, alivuta rinda la mamake, kwa kuwa hakujua kuongea.

Siku moja ng'ombe alikata kamba. Kasiva alipiga kelele, "Ndeti, toka hapo!" Mtoto hakugeuka, akakanyagwa mguu. Kasiva akambeba mgongoni hadi hospitalini bila kumwuliza mtu.

Mguu ulipokwisha kufungwa, daktari wa masikio alimfunga kifaa kichwani kwa mshipi.

"Ndeti! Mwanangu!" Kasiva akaita.

Mtoto alishtuka. Akatazama mlango, akatazama dari. Hakumtazama mamake.

"Anasikia, Mama," daktari alisema. "Lakini hajui kama hilo ni jina lake. Tutamfundisha lugha ya ishara. Kuongea kwa mdomo, sitakudanganya, wakati umetupita."

Siku hizi Musembi humwita kutoka shambani, "Ndeti, sema baba!" Kelele hizo humuumiza mtoto. Huung'oa mshipi, akautupa chini, akaenda zake.

Funzo

Wenzangu, mtoto akizaliwa na kasoro ya sikio, daraja lolote lile, apimwe kusikia mara moja. Daraja hueleza umbo. Halitupi ruhusa ya kungoja. Upasuaji wa sikio waweza kusubiri mtoto akue. Kujifunza kuongea hakusubiri. Na wewe mama unayejua ukweli, usinyamaze. Kasiva alinyamaza, na leo hakuna wa kumwita mama.