Mbegu Kumi na Saba za Reino Lahtinen

Saa tisa na dakika kumi, Alhamisi alasiri, Reino Lahtinen alipasua ua moja la bangi yake juu ya meza ya jikoni, mbegu ikadondoka. Akapasua la pili. Mbegu. Zilipotimia kumi na saba alienda kuchukua shoka la kuni za sauna, kile kibanda chake cha kuogea mvuke.

Bahati ya watu wote, alipitia kwanza kwa Odile Gauthier, jirani aliyestaafu forodha baada ya miaka thelathini ya kupekua mabuti ya magari pale mpakani. Walisema aliweza kunusa jibini kupitia tairi la akiba.

"Nimehujumiwa!" Reino akafoka. "Miche minne ya halali, mbegu za majike matupu, wiki ya tisa ya maua! Jike bila chavua ya dume halizai mbegu, na ua lenye mbegu halivutiki. Na mwenye dume ni jirani yetu Merv."

"Weka shoka chini, mzee."

"Una muda mpaka saa kumi na mbili. Usiponionyesha mtu mwingine, nakwenda kukata yake yote."

Odile akaguna. Merv Kozak alivunjika mgongo kwenye ghala la nafaka. Miche yake minne ndiyo iliyompa usingizi. Tena kila Jumamosi, miaka ishirini na sita, yeye na Reino walikaa sauna moja.

Saa tisa na nusu Odile alimkuta Merv uani, kando ya kibanda chake cha plastiki cha kuoteshea miche.

"Dume nilikuwa nalo," Merv akasema. "Nililing'oa Julai, halijafungua hata kifuko kimoja cha chavua. Reino mwenyewe alilichoma kwenye jiko la sauna, akalicheka. Leo ananiita mchafuzi?"

"Anakuita na mengine. Hayo sikwambii."

Saa kumi na robo akampigia simu muuza mbegu wa Reino.

"Pakiti mia mbili tumeuza, mama, hakuna aliyelalamika," akajibiwa. "Ila hizi za aina ndefu, sativa, zina wivu na giza lake. Ukizimulika wakati wa kulala, jike lenyewe linaota viungo vya dume na kumwaga chavua."

Odile alipomrudia na habari hiyo, Reino nusura ameze kofia. "Zimulikwe na nani? Taa nawasha usiku, umeme ukiwa rahisi. Saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni ni giza la kaburi! Mimi ni mjinga?"

"Sijauliza hilo bado. Twende chumba cha chini."

Odile akapewa tochi ya kijani, eti mmea hauioni, akajigonga kidole kwenye friza na kutukana kwa Kifaransa. Ndani ya hema jeusi lililofunika miche akaviona viungo vya dume: vijiti vyembamba, kama vindizi, vimechomoza katikati ya maua. Upande mmoja tu, upande wa zipu. Na zipu ilikuwa wazi kiasi cha kiganja.

"Naiacha hivyo ipite hewa," Reino akanung'unika.

Odile akapiga magoti, jicho kwenye upenyo. "Fungua friza."

Mwanga mweupe wa taa ya friza ukampiga usoni. Nyuma ya mfuko wa samaki kulikuwa na kopo la aiskrimu, kijiko kimesimama ndani.

Saa kumi na moja na nusu, jikoni, Helvi, mke wa Reino, alikuwa akikata mkate wa iliki.

"Helvi, Reino hulala saa ngapi mchana?"

"Saba mpaka nane kasorobo."

"Na wewe?"

"Nafuma."

Odile akaweka kijiko mezani. "Kwa hiki?"

Helvi akakitazama, kisha akamgeukia mumewe. "Tangu daktari aseme sukari imepanda, huyu amekuwa askari jela. Anahesabu biskuti! Basi nilisimama pale kwenye friza kila siku, kifuniko wazi, nikala taratibu kama binadamu. Ningejuaje bangi ina macho?"

"Ungeniambia!"

"Ungeninyang'anya kijiko."

"Na zipu," Odile akauliza, "iliachwa na nani?"

Reino akavua kofia, akaiweka mezani.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Merv akaingia bila kubisha, ua limekaa kiganjani. "Reino, nimepasua yangu baada ya Odile kuniuliza. Imejaa mbegu. Chavua imetoka wapi?"

Wote watatu walitazama dirishani: bomba la feni inayotoa hewa ya chumba cha chini lilitokeza ukutani, mdomo wake umeelekea moja kwa moja kwenye kibanda cha Merv.

Reino akaliokota shoka mlangoni. Merv akarudi hatua moja.

"Nakwenda kuchanja kuni," Reino akasema bila kumtazama. "Sauna itakuwa tayari saa moja."

"Leo Alhamisi."

"Najua ni Alhamisi, Merv. Nina mengi ya kukwambia."