Ua Linaloita Nzi

Rafiki yangu Mukhwana, aliyenieleza haya, hakuwahi kutania tena tangu afiwe.

Mwaka 1974 alikuwa akikusanya mimea Turkana. Mkewe Sellah aliuawa na ugonjwa wa kifua, akazikwa Kakuma. Mukhwana aliporudi huko kutafuta mimea ya ukoo wa waridi la jangwani, alikuta mmoja wa mimea hiyo umechanua kwenye kaburi la Sellah: ua lile linalonuka mzoga ili nzi waje wabebe chavua.

"Hiyo acha, bwana," Nakeno, mwenyeji wake, alimsihi. "Imeota kwa kichwa ya mama."

Lakini Mukhwana hakuwa na kingine cha Sellah. Alilikata, akalibana kwenye magazeti, akaenda nalo Lodwar. Likakauka, harufu ikaisha.

Mchana mmoja dhoruba ya mchanga ilivuma. Akafunga madirisha, chumba kikawa giza totoro. Ndipo akasikia nzi wakivuma ndani ya magazeti. Akatega sikio. Mvumo ule ulikuwa wimbo wa Sellah, ule aliozoea kuuimba jikoni.

Akayafunua magazeti kwa kupapasa, akilia. Hapakuwa na nzi hata mmoja. Wimbo ukaendelea, ukakatika katikati ya ubeti, pale kifua kilipozoea kumbana Sellah.

Kisha gizani, karibu na shavu lake, pumzi ikavutwa kwa shida.